SHAMBA NA TUMBO
Somo la wafanyakazi: namna ya kulima na afya ya matumbo yetu



Kurasa hizi huzungumza sana juu ya mishahara, saa za kazi na mikataba, na ni haki iwe hivyo. Leo tunafungua somo la namna nyingine. Tunataka tulitazame tumbo, kwa kuwa kila mmoja wetu analo, awe kibarua wa shamba la ndizi, mkata miwa, fundi wa kiwanda cha sukari au mpakizi wa bandarini. Mtu asiye na afya ya tumbo hawezi kufanya kazi, na mtoto anayehara kila mwezi hawezi kukua wala kusoma.

Tutatumia mfano wa pwani ya Kismayu, visiwa vya Wabajuni na bonde la Mto Juba. Huko kumeonekana mambo matatu kwa pamoja: kilimo cha wazee wetu, mashamba makubwa ya zao moja, na chakula cha kununua kinachoshushwa melini. Lakini mwenzetu wa mkonge Tanga, wa chai Kericho au wa miwa Kilombero asome pia, kwani atajiona humu.

Tunataka kuonyesha jambo moja: shamba na tumbo vimeungana. Jinsi ardhi inavyolimwa ndivyo tumbo linavyolishwa au kunyimwa, na mfanyakazi ndiye wa kwanza kulipa hasara.

1. TUMBO LINA WAFANYAKAZI WAKE

Ndani ya utumbo mpana wa kila mtu wanaishi viumbe wadogo mno wasioonekana ila kwa darubini kali. Tutaviita vijidudu. Vilivyo vingi ni bakteria. Mwaka 2016 wataalamu walivihesabu upya, wakaona kuwa mtu mzima wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38, karibu sawa na idadi ya chembe hai zote za mwili wake mwenyewe. Trilioni moja ni milioni moja mara milioni moja.

Wengi wetu tukisikia neno vijidudu tunafikiri kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo. Hao ni maadui kweli, na lazima wapigwe vita. Lakini bakteria wengi wa tumboni si maadui. Ni vibarua wetu. Kazi zao ni hizi:

(a) Huchachusha chakula ambacho tumbo letu lenyewe haliwezi kukisaga.

(b) Hutengeneza baadhi ya vitamini, kama vitamini K na baadhi ya zile za kundi la B.

(c) Hukalia nafasi, wakawazuia vijidudu vya maradhi wasipate mahali pa kuota.

(d) Huufundisha ulinzi wa mwili kutofautisha adui na rafiki.

(e) Hutoa asidi ndogo ndogo, na moja yao huitwa butireti. Hiyo ndiyo chakula kikuu cha ngozi ya ndani ya utumbo mpana. Ngozi hiyo ikila vizuri inakuwa imara; ikinyimwa inadhoofika.

Vibarua hawa hawadai mshahara, lakini wanayo posho yao, na posho hiyo hutoka shambani.

2. POSHO YA VIJIDUDU

Posho yao ni nyuzinyuzi. Hii ni ile sehemu ya mmea isiyosagika katika utumbo mwembamba: ganda la nafaka, ngozi ya kunde na maharagwe, mboga za majani, viazi na matunda. Sisi tukila, sehemu hiyo hupita mpaka utumbo mpana, na huko vijidudu huipokea na kuifanyia kazi.

Hapa Afrika Mashariki jambo hili lilionekana mapema. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt alifanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 mpaka miaka ya 1960. Yeye na daktari mwenzake Hugh Trowell, aliyekuwa amekaa miaka mingi Kenya na Uganda, waliona kuwa magonjwa yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama kidole tumbo, kufunga choo na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa haba sana kwa watu wa vijijini waliokula nafaka nzima, maharagwe, ndizi za kupika na viazi. Katika miaka ya 1970 wakafundisha duniani kuwa chakula kilichokobolewa mno ni chanzo kimoja cha maradhi hayo. Wakati huo habari za vijidudu zilikuwa bado hazijafahamika vizuri kama leo.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2015 lilitia nguvu fundisho hilo. Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika ya Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili. Wamarekani walikula chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi, na Waafrika walikula nyama na mafuta mengi kwa mtindo wa Marekani. Kwa siku hizo chache tu butireti ikaongezeka matumboni mwa Wamarekani na kupungua kwa Waafrika, na dalili za hatari ya saratani katika ngozi ya utumbo zikageuka upande kwa upande. Hapa tunapata habari mbaya na habari njema. Mbaya ni kuwa afya ya tumbo huharibika upesi. Njema ni kuwa hutengenezeka upesi pia.

Lakini isidhaniwe kuwa mlango wa kurudi uko wazi daima. Katika maabara, panya walionyimwa nyuzinyuzi walionekana vijidudu vyao vikianza kuula ute unaoulinda ukuta wa utumbo. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 ulifuata panya kwa vizazi vinne. Kila kizazi kilichonyimwa nyuzinyuzi kilipoteza aina nyingine za bakteria, na mwishoni hata waliporudishiwa chakula kizuri, aina nyingi hazikurudi tena. Panya si binadamu, lakini onyo ni zito: tunachokula sisi kinaweza kuamua watoto wa watoto wetu watarithi nini.

Tulinganishe vyakula vyetu. Gramu 100 za kunde kavu zina nyuzinyuzi zipatazo gramu 10. Mtama usiokobolewa una gramu 6 au 7. Unga mweupe wa ngano una kama gramu 3. Mchele mweupe una kama gramu moja tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate gramu 25 kwa siku au zaidi. Mwenye kula wali mweupe asubuhi, basta mchana na mkate mweupe jioni hawezi kufika huko, hata akishiba.

3. SHAMBA LA WAZEE NA SHAMBA LA ZAO MOJA

Sasa tulitazame shamba. Katika visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, na pwani yote mpaka Ras Kiamboni, Wabajuni ni watu wa bahari kwanza. Lakini nyuma ya uvuvi palikuwa na kilimo: mtama, mahindi, kunde, matikiti na minazi, katika viwanja vidogo vya visiwani na katika mashamba ya bara.

Kandokando ya Mto Juba walilima Wagosha. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka upande wa Tanganyika na Msumbiji, wakajikomboa na kukaa bondeni. Baadhi yao huzungumza Kizigua hata leo. Kilimo chao kilitegemea madesheki, yaani mabonde yanayojaa maji mto unapofurika. Maji yakipungua huacha tope jipya lenye rutuba, na hapo mkulima hupanda mahindi, ufuta na kunde kwa kuchanganya.

Kuchanganya huko kulikuwa na maana. Katika mizizi ya kunde mna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria wanaokamata naitrojeni kutoka hewani na kuilisha mimea. Kunde basi hulisha bakteria wa aina mbili: wale wa udongoni ikiwa shambani, na wale wa tumboni ikiwa sahanini. Mzee wetu hakuwa na darubini, lakini alijua kuwa mahindi yaliyofuata kunde hustawi zaidi.

Wakati wa utawala wa Wataliani ardhi nzuri ya bonde iligawiwa wenye mashamba makubwa. Jamame uliitwa Margherita. Ndizi zikapandwa kwa ajili ya soko la Italia, na wenyeji wengi wakatolewa vijijini kwa nguvu ili wakafanye kazi mashambani, wakati mwingine katika msimu uleule waliohitaji kulima mashamba yao. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 ndizi ziliendelea kusafirishwa nje. Sheria ya ardhi ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya serikali, na wale waliojua njia za ofisini walijiandikishia hata ardhi iliyokuwa ikilimwa na wanakijiji. Mwaka 1980 kiwanda cha sukari cha Mareerey, karibu na Jilib, kilianza kusaga miwa ya mradi mkubwa wa serikali. Vita vya tangu 1991 viliua kiwanda hicho na kuwatawanya watu, wakiwemo Wabajuni wengi waliokimbilia Kenya kwa mashua. Mafuriko makubwa ya mwaka 1997 na 1998 yalimalizia biashara ya ndizi za nje.

Hatusemi kuwa shamba kubwa ni baya kwa sababu ya ukubwa wake. Shamba lilileta mishahara, na mshahara ni haki inayotafutwa. Tunasema hivi: palipokuwa na mazao sita pakabaki moja, na zao hilo halikuwa la kuliwa na aliyelilima. Mfanyakazi akawa ananunua chakula chake dukani. Dukani palikuwa na nini? Mchele mweupe, unga mweupe, sukari, na basta iliyoletwa na Wataliani, ambayo leo ni chakula cha kawaida Kismayu nzima. Vyakula hivyo havigombi na ghala, hupikika upesi, na mwenye duka huvipenda. Lakini kwa vijidudu vya tumbo ni kama siku ya kazi isiyo na posho.

Methali yetu inasema mchumia juani hulia kivulini. Kibarua wa zao moja alichumia juani, lakini kilichofika sahanini mwake kivulini kilikuwa kimekobolewa.

Jambo jingine lifahamike vizuri hapa, maana wako wanaodhani kuwa ubaya wote uko katika mbolea ya dukani. Kunde ni kunde. Nyuzinyuzi zake haziondoki kwa kuwa mkulima alitia mbolea. Kwa hiyo swali la kwanza la kilimo na afya ya tumbo ni hili: kinapandwa nini, na nani anakila? Namna ya kupalilia ni swali la pili, nalo lina uzito wake. Mwaka 2019 watafiti wa mji wa Graz, Austria, waliona kuwa tufaa moja hubeba bakteria wapatao milioni 100. Matufaa yaliyolimwa bila dawa za viwandani na yale ya kawaida yalikuwa na idadi karibu sawa, lakini yale ya kwanza yalikuwa na aina nyingi zaidi.

4. DAWA ZA SHAMBANI

Tunaziita dawa, lakini nyingi ni sumu. Hutengenezwa ili ziue: wadudu, kuvu, magugu au minyoo ya mizizi. Zinaweza kumfikia mfanyakazi kwa njia tatu: juu ya chakula, juu ya ngozi na mikono, na ndani ya maji.

Tuchukue mfano wa glaifoseti, dawa ya magugu inayouzwa tangu mwaka 1974 na inayotumika kuliko nyingine zote duniani. Huua gugu kwa kuziba njia moja ya uhai ambayo mimea inayo na binadamu hana. Kwa muda mrefu watu waliambiwa basi haimhusu binadamu. Lakini bakteria wengi wanayo njia hiyohiyo, wakiwemo baadhi ya wale wa tumboni mwetu. Katika maabara baadhi yao hudhurika na wengine hustahimili. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu kiasi kidogo kinachobaki katika chakula. Lakini mfanyakazi mwenye bomba mgongoni hakutani na kiasi kidogo cha sahanini. Hukutana na ndoo nzima.

Mfano mwingine unatuhusu moja kwa moja. Katika bonde la Yakima, jimbo la Washington, Marekani, watafiti walichunguza vinywa vya wafanyakazi wa mashamba ya matunda na kuvilinganisha na vya watu wasiofanya kazi shambani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Wafanyakazi waliokutwa na dawa ya wadudu iitwayo azinfosi-methili katika damu walikuwa na mabadiliko katika bakteria za kinywa, na mabadiliko hayo yaliendelea kuonekana hata wakati wa baridi, msimu wa kunyunyiza ulipokwisha kupita. Kinywa ndicho mlango wa tumbo. Linaloingia mlangoni halikai nje ya nyumba.

Nani huyaona madhara kwanza? Mwaka 1977, huko Lathrop, California, wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza dawa ya minyoo ya mizizi iitwayo DBCP walianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe: mbona hatupati watoto? Walisimama pamoja na chama chao mpaka wakapimwa, na wengi wakakutwa mbegu zao za uzazi zimepungua au zimekwisha kabisa. Mwaka 1979 Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yake yote. Dawa hiyohiyo ilikuwa imetumika katika mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, na maelfu ya vibarua wa huko walikwenda mahakamani miaka mingi baadaye. Hilo halikuwa jambo la tumbo, lakini fundisho lake ni letu: mkono ulioshika dawa ndio uliojua kwanza, na ulisikilizwa kwa sababu wenye mikono hiyo walisema kwa umoja.

Isidhaniwe kuwa bila sumu hakuna kilimo. Nzige walipoivamia Afrika Mashariki, Somalia ilitangaza hali ya hatari mwezi wa Februari 2020. Katika vita hivyo, pamoja na njia nyingine, Somalia ilitumia sana kuvu iitwayo Metarhizium acridum, ambayo huwaua nzige na jamaa zao panzi, na kuwaacha salama nyuki, mifugo na watu. Kijidudu kilitumwa kupigana na nzige. Nchi yetu ilionyesha kuwa jambo hilo linawezekana.

5. MBOLEA YA CHUMVICHUMVI NA SAMADI

Kila moja ina faida yake na hatari yake.

Mbolea ya chumvichumvi huongeza mavuno upesi. Lakini ikitiwa kupita kiasi, mvua huishusha chini na kuifikisha visimani. Visima vifupi vya pwani na visiwani huingiliwa kwa urahisi. Chumvi iitwayo naitreti ikizidi katika maji, bakteria walio ndani ya tumbo la mtoto mchanga huigeuza kuwa kitu kinachoizuia damu kubeba hewa, na mtoto hugeuka rangi ya samawati na anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Mama asidanganyike kuwa kuchemsha maji kunaiondoa. Kuchemsha huua vijidudu vya maradhi, lakini naitreti hubaki palepale. Kinga ni mbili: mbolea itiwe kidogo kidogo karibu na shina, na isimwagwe wala kuhifadhiwa karibu na kisima. Na mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu, bila maji.

Samadi nayo huilisha ardhi na bakteria wake, lakini ikiwa mbichi hubeba mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara. Irundikwe pamoja na majani, ifunikwe na igeuzwe. Rundo likiiva vizuri joto la ndani hufika nyuzi 55 na zaidi, na likikaa hivyo kwa siku kadhaa huua vijidudu vingi vya maradhi. Samadi mbichi isitiwe katika mboga zinazoliwa bila kupikwa. Ikiwa imetiwa, ipite miezi minne kabla ya kuvuna.

6. TUFANYE NINI?

Elimu isiyo na tendo ni mzigo. Tumegawa kazi katika sehemu tatu.

NYUMBANI. Kiwanja kidogo nyuma ya nyumba kipandwe kunde, mchicha na mtama, si ua tupu. Anayekula wali auchanganye na kunde au pojo. Ambulo ya jioni, yaani maharagwe yaliyochemshwa yakatiwa mafuta ya ufuta, isionwe chakula cha wanyonge. Kwa vijidudu vyetu ni karamu. Ndizi mbichi ya kupika ina wanga mgumu kusagika, na sehemu ya wanga huo hufika utumbo mpana kama posho. Anjera iliyochachuliwa kwa unga wa mtama au mahindi ni bora kuliko mkate mweupe. Huko Tanzania, katika miaka ya 1990, watafiti waliona kuwa watoto wadogo waliolishwa uji uliochachuliwa walikutwa na vijidudu vya kuhara kwa uchache zaidi kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Bibi zetu walijua kuchachusha kabla ya kiwanda chochote kujengwa.

KAZINI. Tusile, tusivute sigara wala kutafuna tambuu au mirungi kwa mikono iliyoshika dawa. Tunawe kwa sabuni kwanza. Nguo za kunyunyizia zisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Tusiingie shambani kabla ya siku za kungoja zilizoandikwa katika kibandiko kwisha, wala tusivune kabla yake. Na hili tunalisisitiza kwa nguvu: dumu lililokuwa na dawa halifai tena maji, maziwa wala mafuta, hata likioshwa mara saba. Litobolewe.

CHAMANI. Mambo mengine hayawezekani kwa mtu mmoja. Tawi lidai maji na sabuni karibu na mahali pa kazi, si kilomita mbili mbali. Lidai jina la kila dawa lisomwe kwa lugha tunayoifahamu, Kiswahili, Kisomali au Kizigua. Palipo na posho ya chakula, tawi lidai kunde au maharagwe na unga usiokobolewa, badala ya mchele mweupe na sukari peke yake. Palipo na shamba kubwa, lidai kila familia ipewe kipande cha kulima chakula chake. Ndizi nzima zinazokataliwa kwa sababu ya umbo lake ziwafikie wafanyakazi kabla ya kutupwa.

Haya si maombi ya sadaka. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo. Unasema mfanyakazi ana haki ya kuelezwa hatari za kazi yake, kushiriki katika mambo ya usalama, na kujiondoa penye hatari kubwa ya papo kwa papo bila kuadhibiwa. Na mwezi wa Juni 2022 Shirika hilo liliitia kazi salama na yenye afya katika haki za msingi za wafanyakazi, pamoja na haki ya kuunda vyama. Hata palipo na mwajiri asiyejua, sisi tujue.

7. MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

(1) Andikeni vyakula mlivyokula jana. Vingapi ni nafaka nzima au jamii ya kunde? Vingapi vimekobolewa?

(2) Wazee wenu walipanda mazao mangapi katika shamba moja? Leo yamebaki mangapi, na yaliyopotea yalipotea kwa sababu gani?

(3) Tajeni majina ya dawa zinazotumika mahali penu pa kazi. Kama hamyajui, nani anayajua, na kwa nini ninyi hamjaambiwa?

(4) Kisima chenu kiko umbali gani kutoka penye mbolea, samadi na choo?

(5) Ni dai gani moja katika somo hili ambalo tawi lenu linaweza kulipeleka kwa mwajiri mwezi huu?

Mwenye kuweza kusoma amsomee asiyeweza, na akina mama waitwe katika mjadala, kwani wao ndio wenye jiko na wengi wao ndio wenye jembe. Tukimaliza kujadili tuanze na jambo dogo: konzi moja ya kunde katika chungu cha leo, na swali moja kwa mnyapara kesho asubuhi, nalo ni hili, dawa hii inaitwaje?

Umoja ni nguvu, na nguvu huanzia tumboni.